Vilima vya Kiziba kwa miguu ya Mgogo

Mtu akikwambia Bukoba ni kijani tupu kuanzia Ziwa Victoria hadi mpaka wa Uganda, jua hajashuka kwenye gari. Barabara imepita katikati ya migomba, kwa hiyo dirishani unaona migomba, unasinzia, unaamka, migomba tena. Shuka. Panda juu ya mgongo wa kilima chochote upande wa Kanyigo au Gera, pale upepo wa ziwa unapovuta kanga, halafu geukia magharibi. Kijani kipo, ila kimekatwa vipande. Kila kijiji ni kisiwa cha migomba, na kati ya kisiwa na kisiwa zimetanda nyasi fupi za rangi ya mchanga, hazina mti wala nyumba. Mpaka wa hizo mbili ni mkali kiasi kwamba unaweza kuweka mguu mmoja kwenye kivuli cha mgomba na mwingine ukaunguzwa na jua la nyasi.

Penye migomba, kahawa na nyumba panaitwa kibanja. Penye nyasi ni rweya. Nitayatumia maneno hayo mpaka mwisho, maana ndivyo Wahaya wenyewe wanavyosema na ndivyo nilivyozoea.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Mgogo wa Dodoma, niliyeolewa Kiziba. Kiziba ilikuwa mojawapo ya falme za Wahaya, na leo sehemu yake kubwa imo wilaya ya Missenyi. Tukienda likizo, mume wangu akishafika kwao anakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake na hatoki tena mpaka siku ya kurudi. Anasema amekuja kupumzika. Mimi siwezi. Kwa hiyo matembezi yangu yote nimeyafanya na shemeji, mdogo wake, ambaye ana bodaboda lakini kwa heshima yangu huiacha nyumbani na kutembea, akilalamika njia nzima.

Niseme kwanza vilima vilivyo, kwa sababu watu husikia "milima ya Bukoba" wakafikiria Lushoto. Huku hakuna vilele. Kuna migongo mirefu iliyolala kaskazini kwenda kusini, sambamba na ufuo wa ziwa, na kati yake mabonde mapana ya majimaji na mafunjo. Ukifuata mgongo, kwa mfano kutoka Kanyigo kurudi kusini, unatembea saa nzima bila kuhema, ziwa likiwa upande mmoja na mabonde upande wa pili. Ukitaka kukata kwenda magharibi ndipo utaijua nchi: unashuka, unavua viatu, unavuka magogo yaliyolazwa kwenye tope, unapanda, na ukifika juu unaliona bonde lingine linakusubiri. Shemeji anaita kwenda kusini "kutembea" na kwenda magharibi "adhabu". Nimejaribu zote, na kwa kweli ile adhabu ndiyo nzuri, kwa sababu kila ukivuka bonde unakuta kijiji kisichokuwa na haraka nawe.

Kingo za upande wa ziwa ni za mawe ya mchanga, na kuna mahali zimekatika wima, maporomoko marefu ya mwamba mwekundu na kijivu. Ukija na MV Victoria kutoka Mwanza, meli inayosafiri usiku, alfajiri unaona ukuta huo kabla ya kuona mji. Ukiupanda unakuta kwamba juu yake ni tambarare tu, na mtu analima.

Mvua za huku zinafuata saa zake. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati sisi Dodoma hatufiki 600 na zote zinamalizana kati ya Desemba na Aprili. Nyingi za Bukoba zinashuka alfajiri na asubuhi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa yake inateremka kuelekea ziwani, inakutana na pepo za mashariki juu ya maji yenye joto, inapanda, radi zinaanza, na kulipokaribia kucha mawingu yanasukumwa hadi ufukoni. Ndiyo maana hapa mtu anaweza kulala kwa kelele za bati na ikifika saa nne jua linawaka na kila kitu kinatoa mvuke. Ukielekea Karagwe, mbali na ziwa, mvua inapungua mpaka karibu nusu. Basi usipange kutoka saa kumi na mbili asubuhi kama unavyofanya kwenu. Kunywa chai, subiri.

Wanafunzi wangu wakiona tarakimu hiyo ya 2,000 huandika kwenye mtihani kwamba udongo wa Bukoba una rutuba nyingi kwa sababu ya mvua. Nawakata maksi, na sasa nina ushahidi wa mikono yangu. Jioni moja nilimwomba shemeji achukue jembe twende tukachimbe mahali pawili. Alinitazama, akasema, "Shemeji, huko Dodoma mmekosa udongo kabisa?" Lakini akabeba.

Tulichimba kwanza kwenye rweya, hatua chache kutoka kwenye migomba ya mwisho. Jembe lilikwaruza. Juu palikuwa na tabaka jembamba la kijivu lililoshikiliwa na mizizi ya nyasi, chini yake changarawe na udongo wa manjano unaomwagika vidoleni bila kuacha hata doa. Mwamba wa huku ni mawe ya mchanga, na mawe ya mchanga yakisagika hayatoi udongo wenye akiba. Weka juu yake mvua ya miaka elfu na elfu, inayoosha kila kilicho chema na kukipeleka bondeni, na unabaki na tindikali na mchanga.

Kisha tukarudi kibanjani, kwenye shina la mgomba karibu na jiko la mama mkwe. Jembe halikutoa sauti. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, wenye nyungunyungu, na nilipoingiza mkono ulizama hadi karibu na kiwiko. Unanuka mvua na ng'ombe. Kilima ni kile kile, mwamba ule ule, mvua ile ile, na kati ya shimo na shimo ni umbali wa kurusha jiwe.

Tofauti hiyo imebebwa kichwani. Nyasi zinakatwa rweya, zinafungwa mizigo, zinaletwa nyumbani. Zamani zilitandikwa kwanza sakafuni, ndani ya msonge, watu wakakaa na kulala juu yake, na zikichakaa zikatolewa na kutandazwa chini ya migomba, huku mpya zikiingia. Zipo nyumba za saruji ambazo bado zinafanya hivyo siku ya sherehe, na harufu ya nyasi mbichi sebuleni nawaambieni inashinda manukato yoyote ya dukani. Ng'ombe nao walishinda rweya na kulala nyumbani, kwa hiyo kila jioni walirudi na malisho tumboni na kuyaacha zizini kama samadi. Ongeza majivu, maganda ya ndizi, maganda ya kahawa, magogo ya migomba iliyokatwa. Fanya hivyo kila siku, wewe, mama yako, bibi yako na bibi yake. Ndipo unapata shimo la pili.

Kwa hiyo nikisimama juu ya kilima na kuona visiwa vile vya kijani, siwezi tena kusema "nchi nzuri aliyotupa Mungu" bila kuongeza kitu. Nchi aliyotoa Mungu ni rweya. Migomba ni ya watu.

Na kibanja kikiachwa kinarudi kuwa rweya. Wana hata jina la kile kilichochoka: kikamba. Nimeviona kadhaa upande wa Buyango, migomba imekonda, majani ya njano, nyasi zinanyemelea kutoka pembeni. Sotoka ya miaka ya 1890, iliyofyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, haikupita tu kwa wafugaji kama sisi. Ng'ombe walipokufa, samadi nayo ilikoma kurudi kibanjani. Wagogo tunaisimulia sotoka kama habari ya njaa ya maziwa na nyama. Sikuwahi kuifikiria kama njaa ya udongo.

Mama mkwe yuko kibanjani kabla umande haujakauka. Ana muhoro, lile panga lililopinda lenye mpini mrefu, na kabla ya kuugusa mgomba wowote huupitisha muhoro huo kwenye moto wa jikoni pande zote mbili. Sababu ni mnyauko, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera miaka ya 2000 ukafyeka vibanja vizima. Unahama kwa chuma: ukikata mgomba mgonjwa, kisu kinapeleka ugonjwa kwenye mzima. Unahama pia kwa nyuki na wadudu wanaotembelea lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Kwa hiyo mkungu ukishamaliza kutoa vichane, ua lazima liondoke, na haliondolewi kwa kisu. Mama mkwe ana mti mrefu wenye panda mwishoni. Anaingiza panda kwenye shina la ua, anazungusha nusu mzunguko, kak, linaanguka. Halafu anatazama juu pale lilipokatikia, anasubiri utomvu udondoke, anaangalia rangi yake. Ukiwa safi anasogea mwingine. Hasemi kitu wakati huo na mimi nimejifunza kutomsemesha.

Mgomba uliokwisha kuzaa anaukata chini, anaupasua katikati na kuulaza kifudifudi, ule upande wa maji ukigusa udongo. Nikamuuliza kwa nini kifudifudi. "Mwanangu, ukiulaza chali maji yake yananywewa na jua. Wewe unataka jua au unataka ndizi?"

Kutembea ndani ya vijiji hivi kuna utaratibu wake. Sahau kijiji chenye barabara katikati na nyumba pande mbili. Nyumba zimefichwa ndani ya migomba, kila moja na uwanja wake uliofagiliwa, na njia zinapita katika vibanja vya watu, nyembamba, laini, kimya kwa sababu ya nyasi zilizotandazwa. Unaweza kupita katikati ya kaya ishirini ukadhani uko msituni, mpaka usikie redio. Maana yake ni kwamba kila hatua uko kwa mtu, na kwa mtu kunasalimiwa. "Mpola waitu," unasema kuelekea kwenye majani, na majani yanajibu. Wasichana wanapiga goti njiani, na ndoo kichwani. Mara ya kwanza niliona haya na kutaka kumwinua binti aliyenipigia goti. Shemeji akaninong'oneza niache, nimjibu tu vizuri na nimuulize habari za nyumbani. Mimi mwenyewe nikifika kwa mama mkwe napiga goti, na Wagogo wenzangu wasiniseme, kwani nasi kwetu hatuwasalimii wakwe tukiwa tumesimama kama nguzo.

Mzee mmoja wa Ishozi alitukalisha barazani na kuleta kahawa ya kutafuna. Ni matunda ya robusta yaliyovunwa kabla hayajaiva sana, yakachemshwa na majani yenye harufu, yakakaushwa. Unaichana kwa meno, unatafuna buni na ganda lake. Ladha yake ni kali na chachu, halafu moyo unaanza kwenda mbio kidogo. Kahawa hii ilikuwa ikitafunwa na kupewa wageni huku kabla Mjerumani hajatia mguu. Yeye aliikuta, akaigeuza zao la kodi na la kuuza nje. Leo inauzwa kupitia vyama vya ushirika na KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera chenye mizizi ya mwaka 1950, na wazee bado wanaweza kukutajia bei za msimu wowote unaotaka kama wachezaji wa timu ya zamani. Yule mzee aliniuliza ukoo wangu. Nikamtajia. Akakaa kimya, akahesabu kitu kichwani, kisha akamwambia shemeji kwa Kihaya jambo ambalo shemeji alilitafsiri hivi: "Anasema hamna undugu, mnaweza kuendelea kutembea."

Kitu ambacho mgeni hukiona na kuogopa kuuliza ni makaburi. Yako kibanjani, kati ya migomba, baadhi yamesakafiwa kwa saruji na vigae, mengine ni mwinuko tu wenye mmea wa alama. Baba mkwe amelala hatua kama kumi kutoka dirisha la jikoni. Mama mkwe akipeleka nyasi hupeleka na kwake. Ndiyo maana kuuza kibanja si biashara ya kiwanja. Unauza udongo ulioletwa kichwani na bibi, pamoja na bibi mwenyewe.

Na hapa ndipo mimi, kama mwanamke, hupata maswali. Mizigo ya nyasi nimeiona ikibebwa zaidi na wanawake. Jembe la kibanjani, zaidi wanawake. Lakini kwa mila kibanja cha ukoo kilikuwa cha wanaume. Binti akirithi alikuwa na haki ya kukitumia maisha yake, si kukiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Aliyenunua hakuwa wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia mpwa, mahakama ya wilaya ikageuza, rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza, huku ikimruhusu mwanaume, inapingana na haki zilizowekwa kwenye Katiba, na kwamba akiuza mwanamke masharti yawe yale yale ya akiuza mwanaume. Wanasheria wengi wanaijua hukumu hiyo kwa jina. Nilipomtajia mama mkwe alisema tu, "Huyo wa Muleba? Tulisikia." Akaendelea kumenya ndizi. Baadaye, tukiwa tumebaki wawili, akaniuliza kama hukumu hiyo bado inafanya kazi. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri.

Kabla ya hapo kulikuwa na nyarubanja, yaani mashamba ya mabwana waliokuwa na vibanja vingi na watu wa kuvitunza kwa malipo ya mazao na kazi, utaratibu uliofutwa kwa sheria miaka ya 1960. Nalitaja kwa sababu wazee bado hukuonyesha, kwa kidevu tu, kile kilikuwa cha nani.

Turudi rweya, maana wageni huivuka haraka wakidhani ni mahali patupu. Patupu hapana. Ukitazama vizuri utaona vipande vidogo vilivyolimwa, vya mstatili, mbali na nyumba. Ni vya wanawake: njugu mawe, mihogo, viazi. Wanalima msimu mmoja au miwili, wanaacha miaka kadhaa nyasi zirudi, wanahamia pengine. Njugu mawe hukubali udongo maskini ambao mahindi yangeukataa. Novemba na Desemba rweya ina kazi nyingine, senene, wale panzi wa kuliwa, ingawa siku hizi wengi wanakamatwa kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, na usiku kilima kizima kinawaka utadhani kuna kiwanda. Mimi senene nakula, wa kukaanga, bila mabawa. Mume wangu anadai ndicho kilichomshawishi kunioa.

Rweya yenyewe huenda nayo si ya asili kabisa. Kusini kidogo, Katuruka karibu na Maruku, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alianza kuchimba karibu na mwaka 1970 akifuata masimulizi ya wazee kuhusu mahali pa mfalme Rugomora Mahe. Chini palikuwa na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, yenye umri wa karibu miaka 2,000. Chuma kinataka makaa, na makaa yanataka miti. Schmidt na wenzake wanaeleza kwamba tanuri hizo zilikula sehemu kubwa ya msitu uliokuwa huku. Nilipomsimulia hayo shemeji akapiga mluzi. "Kwa hiyo sisi ndio tuliopanda migomba na sisi ndio tuliokata msitu?" Nikamwambia inaelekea hivyo. "Basi na mimi nina haki ya kupanda miti."

Hapo akawa amefika kwenye jambo lake. Siku hizi ukitazama kutoka mgongo wowote, kuna rangi ya tatu: kijani cheusi cha misonobari na kijani cha majivu cha mikaratusi, kwa mistari iliyonyooka, juu ya rweya. Nguzo, mbao na kuni zina soko. Mwenye hela mjini anapata eka kadhaa za rweya, anapanda, anaondoka, anarudi baada ya miaka kuvuna. Shemeji naye anataka kupanda kwenye kipande cha rweya ambacho familia imekitumia siku zote. Hesabu yake ameiandika nyuma ya daftari la bodaboda, na haina kosa.

Mama mkwe haikubali. Swali lake ni moja na analirudia kwa sauti ile ile: nyasi zitatoka wapi? Mikaratusi ikisimama, nyasi chini yake hazioti za kufaa. Ng'ombe wake mmoja wa maziwa anafugwa ndani na anakatiwa majani. Kila eka ya rweya inayogeuzwa miti inaongeza safari ya anayebeba mzigo, na anayebeba mzigo si shemeji. Shemeji anajibu kwamba atanunua mbolea ya dukani kwa pesa ya nguzo. Mama anamuuliza pesa ya nguzo itakuja lini. Miaka minane. "Na migomba itakula nini hiyo miaka minane, ahadi?"

Nimesikiliza mjadala huo barazani, jikoni, na mara moja katikati ya bonde tukiwa na viatu mkononi, shemeji akiniomba nimsemee. Sikumsemea. Naona wote wawili wana haki, lakini ukiniuliza nipo upande wa nani, nimeyachimba yale mashimo mawili.

Machache kwa anayetaka kwenda. Juni hadi Agosti njia ni kavu na mabonde yanavukika bila kuogelea. Lala kijijini ukipata mwenyeji, si mjini. Ukipita Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera, kumbuka kwamba daraja lililotangulia lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na baadhi ya watu wazima unaowasalimia barabarani ni wale waliokimbia wakiwa watoto. Ukiona nyumba nyingi za matofali mapya karibu na ukuta wa zamani uliopasuka, hilo ni tetemeko la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Usimpige mtu picha akiwa kibanjani bila kuomba. Uko sebuleni kwake. Bwanjai kuna miamba yenye michoro myekundu ya kale, nenda na kijana wa pale, usiiguse. Na ukikaribishwa kahawa ya kutafuna jioni, chukua tembe chache tu kama unapanga kulala.

Wiki iliyopita shemeji alinitumia picha kwenye simu: mistari ya mashimo rweyani, miche ya mikaratusi imekwisha kupandwa, midogo kama penseli. Aliandika, "Nimeanza." Juzi ikaja picha nyingine, safari hii kutoka kwa mume wangu, aliyeipata kwa dada yake. Ni ile rweya, ile mistari. Ng'ombe wa mama mkwe, yule ambaye huwa hatoki bandani, amefungwa kamba ndefu katikati ya miche, anakula.